Mgomba wa Severini

Mwembesongo, Morogoro
9 Julai 1976

Kaka yangu Abasi,

Shikamoo. Macho yangu yangekuwa na nauli ya kufika Urambo, yangejionea yenyewe kama goti lako limepona na kama shemeji Mwanaasha ameacha kukohoa. Lakini yanaishia kwenye mlima huu ulio mbele ya mlango wangu, kwa hiyo nauliza kwa kalamu. Sisi huku tunaamka, tunakula kinachopatikana, tunalala. Chausiku anakusalimu na kukukumbusha ile asali uliyomwahidi tangu harusi ya binti yako. Mimi nimenenepa tumbo na kukonda mapaja, ndivyo uzee unavyogawa, haufuati ujamaa.

Barua hii haikuja kwa posta, na aliyekukabidhi unamwona. Anaitwa Kasiani. Ametoka mbali na mguu wake mmoja haumtii. Mpe maji, mpe mahali pa kuunyoosha, kisha soma mpaka mwisho kabla hujamwuliza lolote. Nakuomba pia usimpe mtoto wa shule akusomee kwa sauti, kama ulivyozoea. Vaa miwani yako, hata kama kioo kimoja bado kimeshikwa na plasta.

Uliponiandikia mara ya mwisho uliuliza kazi yangu hasa ni nini, maana uliwaambia wazee wa kijiji chenu kipya kwamba mdogo wako anauza bima, wakataka kujua kama ni dawa ya ng'ombe au ya watu. Usiwacheke. Mke wangu mwenyewe mpaka leo akiulizwa hujibu kwamba mume wake anakaa mezani.

Unakumbuka nilikuwa karani katika shamba la mkonge. Bei ya mkonge ilipoanguka, makarani tulianguka nayo, nami nikajikuta mtu wa makamo mwenye suruali mbili na mwandiko mzuri. Bwana mmoja wa Shirika, yaani lile la umma lenye kazi ya bima, akanieleza kwamba wanatafuta mawakala. Wakala hana mshahara, hana likizo, hana baiskeli ya ofisi. Anajitafutia watu mwenyewe, anapata kamisheni kwa kila anayemwandikisha, na asiyeandikisha mtu anakula mate yake. Nikaona hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo, maana mate ninayo mengi.

Nikapanga chumba cha mbele kwa fundi cherehani hapa Mwembesongo. Meza niliiokota kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akihama. Kiti kilikuwa na miguu mitatu, wa nne ulikuwa tofali. Kibao nilikipaka rangi mwenyewe: STAMBULI, WAKALA WA BIMA, na chini yake nikachora mwavuli. Mvua ya kwanza ikaufuta mwavuli. Fundi cherehani akasema kama mwavuli wenyewe umelowa, watu wataingia wapi, na wateja wake wakapata la kucheka kwa majuma kadhaa.

Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza kama mimi ni kupe. Nikamwambia kupe hunenepa, anitazame. Wakati ule nilikuwa bado sina tumbo. Akanitazama, akaridhika, hata akasema kumbe huku ndiko kujitegemea kwenyewe. Kisha akauliza nauza nini. Nilipomweleza kwamba mtu anatoa kidogo kidogo ili siku akifa watu wake wapate kitu, aliinuka kwenye kile kiti bila kuaga.

Shida ilikuwa hapo, kaka. Nani atakaa chini na mtu baki amweleze habari za kifo chake? Mjini walisema nawatabiria. Mama mmoja muuza maandazi alinirudishia pesa yangu, asitake kitu kilichotoka mkononi mwangu. Masika yakapita, kiangazi kikapita, sijaandikisha hata paka, na Chausiku akawa anapika uji na kuuita chakula cha mchana.

Walioniokoa ni babu zetu. Wale Wanyamwezi waliopita hapa na mizigo ya pembe waliacha utani na Waluguru, nasi tumeukuta. Mluguru akinikuta njiani hunitukana kabla hajanisalimu, nami namrudishia. Msibani kwao naingia jikoni bila hodi, nachimba kaburi, nadai nguo za marehemu, naigiza alivyotembea, na hakuna wa kunikasirikia. Mtu baki akikuuliza utakufa lini, ni mchawi. Mtani akikuuliza, amekusalimu tu. Nilikalia tofali muda wote ule kabla ya kuling'amua hilo. Wewe ulisema tangu utotoni kwamba akili zangu huja kwa gari moshi la mizigo.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa Severini, mkulima wa kabichi na karoti kutoka milimani upande wa Mgeta. Mkatoliki, mrefu, mpole, mwenye koti la sufu la rangi ya majivu alilopewa na padre aliyerudi kwao Ulaya. Nilimkuta sokoni amekaa juu ya tenga lake, nikamwuliza atakufa lini ili nirithi koti na mke kwa pamoja. Akacheka mpaka kabichi zikabiringika. Akaniambia koti nitalisubiri sana, na mke nikimpata atanikimbia nikiamka asubuhi kabla sijanawa uso. Kisha, alipokwisha kukusanya kabichi zake, akauliza polepole kile kibao changu kinasema nini.

Nikamweleza. Hakuinuka.

Kwao, kaka, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba la mwanamume huenda kwa wapwa, watoto wa dada yake, na watoto aliowazaa yeye hulima kwa wajomba zao. Severini hakuwa na ugomvi na mila hiyo, maana hata yeye alilipata shamba kwa mjomba, na mpwa wake Dominiko alikuwa kijana mwema. Ila ukoo wa mkewe, Bernadeta, ulikuwa na kipande kimoja tu kwenye mteremko mkali, udongo mwembamba kama ngozi juu ya mwamba. Alitaka watoto wake wapate kitu ambacho hakimnyang'anyi Dominiko haki yake. Nikamwambia kitu hicho kipo, ila sharti afe. Akasema kufa atakufa tu, na kama kifo kinauzwa, afadhali akinunue kwa mtani kuliko kwa mtu asiyemjua.

Hivyo ndivyo uwakala wangu ulivyoanza. Nikawa napanda mlimani naye, najikongoja nyuma yake huku wanawake wenye matenga vichwani wananipita na kuniuliza kama Unyamwezini watu hutambaa. Nyumbani kwake Bernadeta alinipa viazi na maharage, akaniambia kwamba mume wake amemweleza yote, na kwamba yeye haoni cha kucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alinitazama kama mtu anayetazama wingu.

Masika ya mwaka juzi mvua ilishika mlima na kuukalia. Asubuhi moja watu wa bonde la pili walisikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Mteremko wa ukoo wa Bernadeta uliondoka wote, na nyumba zilizokuwa juu yake, na mama yake, na kaka zake. Watoto walikuwa shuleni misheni. Bernadeta alikuwa ametangulia barabarani na tenga lake kusubiri gari. Severini alikuwa chini kijitoni akiosha karoti za kupeleka mjini.

Nilipofika juu, watu walikuwa wakichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Nikachimba nao. Tulimpata mama yake Bernadeta bado ameshika mwiko. Wengine tuliwapata baada yake, siku moja hadi nyingine, mpaka harufu ikawa ndiyo inayotuongoza. Severini hatukumpata. Tulipata tenga lake, na karoti zimetapakaa kwenye tope, nyingine safi kabisa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuziosha.

Wazee wa ukoo wake wakakaa, wakasema mtu hawezi kuachwa akizurura. Kwao, mwili usipopatikana hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavishwa sanda, ukalazwa ndani kama maiti, ukazikwa. Hapo mtu huyo amekufa, ndugu wakae matanga. Na kazi ya kuuchagua na kuubeba huo mgomba ni ya mtani.

Koti lake lilikuwa limebaki ukutani nyumbani kwake, ambako tope halikufika, alilivua ili asililoweshe. Nikalichukua nikaenda nalo migombani, nikawa naupima mgomba mmoja baada ya mwingine kwa koti lile, kama fundi cherehani wangu anavyopima watu. Nikaubeba begani. Ulikuwa mzito wa maji, ukinichuruzikia shingoni, nami nikawaambia wafiwa kwamba mtani wangu hata akifa ananikojolea. Wakacheka huku wakilia, ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikalivaa koti na kutembea kama yeye, hatua ndefu, kichwa kimeinama kidogo kana kwamba kila mlango ni mfupi. Padre aliombea marehemu wote kwa pamoja na hakuuliza sana kilichomo katika kila sanda. Bernadeta hakulia. Alileta jogoo kulikomboa lile koti. Desturi ni mtani kukataa mara ya kwanza na kukubali ya pili. Mimi nikakataa zote mbili, maana mlimani kuna baridi, na nilikuwa sijawahi kuwa na koti.

Sasa fikiria ile karatasi ya madai. Shirika lilitaka kujua kama mwili ulionekana, na nani aliuzika. Mtu aliyepotea, sheria humsubiri miaka na miaka kabla ya kumwita marehemu, na Bernadeta hakuwa na miaka ya kusubiri. Kwao hapakuwapo tena, mlima ulikuwa umeondoka na kwao. Shamba la Severini lilikuwa la Dominiko kwa haki, na Dominiko mwenyewe alikuwa ameanza kuwa na watoto. Nikawaendea wazee na swali lile. Dominiko akanishangaa, akaniuliza kama nimelewa. Tumemzika, akasema, na wewe mtani ndiye uliyembeba, sasa unatuuliza nini? Akaweka dole gumba. Mwenyekiti wa kijiji akaweka muhuri. Bernadeta akaandika jina lake.

Hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo, kaka. Kwao Severini alikuwa amezikwa kama alivyozikwa babu yake. Aliyesema uongo alikuwa mmoja, yule aliyejua kwamba swali lile liliandikwa na watu wasiozika migomba. Nami nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri: mwili niliubeba mwenyewe.

Shirika likalipa bila matata. Bernadeta akapata kiwanja huko Bigwa, pembeni ya mji, akajenga chumba na ukumbi akaezeka bati, akalima mchicha na nyanya nyuma ya nyumba. Watoto hawakutoka shuleni. Yule mkubwa sasa yuko sekondari.

Nami nikaota mbawa. Habari ilipanda mlimani na kushuka upande wa pili: Stambuli analipa. Watu ambao hawakutaka hata kivuli changu wakaja na matenga yao mpaka mlangoni wakitaka "ile ya Severini". Kiti kikapata mguu wa nne. Mwavuli nikauchora upya kwa rangi ya mafuta. Bwana wa Shirika alikuja kutoka Dar es Salaam akanishika mkono mbele ya fundi cherehani, akasema mawakala wote wangekuwa kama mimi nchi ingefika mbali. Nilikuwa nimevaa lile koti. Fundi akaninong'oneza kwamba nasimama kama padre.

Mwezi wa pili mwaka huu, saa zile za mchana ambazo hata mbwa wa Mwembesongo hulala, mtu mmoja alisimama mlangoni na fimbo. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeingia ndani, taya limeunga vibaya. Nikadhani mwombaji, nikatia mkono katika mfuko wa koti nitafute senti. Akaniambia koti lake linanipwaya mabegani.

Kaka, nimewaigiza maiti wengi. Siku ile niliigiza bila kukusudia, maana nilikaa sina pumzi.

Maji yalikuwa yamemchukua mbali bondeni. Wachoma mkaa walimwokota amevunjika mguu na taya, wakamfunga kwa vijiti na kumlisha uji kwa jani. Kwa muda mrefu hakuweza kusema, na alipoweza kusema hakuweza kutembea. Alipoweza kutembea akapanda kwao. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mzigo wa kuni alimwona njiani, akautupa akakimbia. Severini akafika hadi makaburini, akasoma jina lake kwenye msalaba, akageuka. Anaijua mila. Aliyezikwa kwa mgomba akitokea hai haingii kwake, na hata mkewe hapaswi kumpa maji ya kunywa. Mtani aliyemzika ndiye huenda mchana kweupe, watu wote wakitazama, akaufukua mgomba na kuutupa mtoni, ndipo mtu huyo hurudishiwa jina lake. Kwa hiyo alishuka mjini kunitafuta. Alikuja kuniomba nikamfukue.

Nikafunga mlango nikamweleza habari ya karatasi. Nilianza kwa mzaha, mzaha ukaniishia mdomoni. Nikamweleza kwamba mgomba ukitoka, Shirika litataka chake, na chake kimekwisha kuwa bati na sare za shule. Nikamtajia dole gumba la Dominiko, muhuri wa mwenyekiti, jina la Bernadeta kwa mkono wake. Nikatamka neno jela, nikalirudia. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akisikiliza bei ya kabichi. Kisha akauliza jambo moja tu, kama watoto wanasoma. Nikamwambia wanasoma. Akakaa. Nje mtu alikuwa akipiga kelele za kuuza mafuta ya taa. Akaniambia mgomba uachwe ulale.

Nikampokea fimbo nikamlaza kwenye kichumba cha nyuma ya ofisi, na Chausiku akachemsha maji ya kumkanda mguu. Tukampa jina la Kasiani. Majirani tuliwaambia ni mtu wetu wa Tabora aliyeangushwa na lori. Amekaa nyuma ya pazia langu la kanga miezi yote hii, akinipikia kabichi asubuhi, mchana na jioni, na akisikiliza watu wa milimani wanavyokuja kunisimulia jinsi alivyokufa.

Ningeweza kuishia hapa, na wewe ungesema mdogo wangu ni mjinga mwenye huruma. Lakini mwezi uliopita Bernadeta alikuja ofisini. Kuna fundi seremala wa Bigwa, aliyefiwa na mkewe, mtu wa kanisani, amemposa. Padre hana kipingamizi, marehemu ana kaburi. Lakini kwa mila, mtani aliyemzika mume ndiye humfungulia mjane, kwa kummwagia maji mikononi, na bila hayo hatakuwa na raha. Alikuwa amekuja kuniuliza kama nitamfungulia. Alikaa kwenye kiti, mgongo kwa pazia. Nikajaribu utani wetu wa zamani, nikamwambia mke ni wangu, nimerithi koti nimerithi na wewe, seremala atafute mbao. Hakucheka. Nyuma ya pazia fimbo iligonga sakafu, mara moja, kama mtu aliyetaka kuinuka akakaa tena.

Bernadeta hakugeuka. Aliniuliza koti liko wapi, maana hajaniona bila koti tangu siku ya mazishi na huu ni wakati wa baridi. Nikamwambia nimempa mgeni wangu, atalipeleka kwa kaka yangu Urambo. Akasema mfuko wa ndani upande wa kushoto umetoboka, aliwahi kuushona ukaachia, kwa hiyo mwenye kulivaa asitie humo kitu anachokipenda, kitadondoka njiani na hatajua kilipodondokea. Alisema hayo kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika kwa mtu mmoja. Akaweka fungu la mchicha mezani akatoka.

Asubuhi yake Severini aliniambia nimfungulie. Nikamwambia yeye ni Mkristo, anajua jambo hilo kanisani linaitwaje. Akasema kama kuna dhambi ni ya maiti, na maiti hana wa kumshitaki. Nikaenda Bigwa na jagi la maji. Nilimmwagia mikononi mbele ya watoto wake, na Bernadeta, ambaye hakulia mgomba ulipoingia kaburini, alilia mpaka maji yakaisha nikabaki nimeinamisha jagi tupu. Wanawake waliokuwapo walisema ni furaha. Sikumwuliza anajua nini. Wala yeye hakuniuliza.

Sasa nikuambie lile ambalo Chausiku halijui. Siku ile ya kwanza, mlango ulipofungwa, kulikuwa na njia moja ambayo sikumwonyesha mtani wangu. Tungeweza kupanda gari la Dar es Salaam, mimi na yeye, tukasimama mbele ya yule bwana aliyenishika mkono, nikasema mwandishi wa uongo ni mimi na hawa wengine walizika kama wanavyozika. Huenda wangenielewa. Huenda wangenifunga mimi peke yangu, na Shirika likapokea lake kidogo kidogo, na Severini akalala kwake. Niliiona njia hiyo wazi kama ninavyouona mlima huu. Nikaipita. Nilimtajia jela ya mkewe kwanza kwa sababu nilijua ndiyo itakayomnyamazisha. Na aliposema mgomba uachwe ulale, kaka, nilifurahi. Uso wangu ulisikitika, nao ni uso hodari wa misibani, lakini ndani nilikuwa nikifikiria kibao changu na mwavuli wa rangi ya mafuta. Yeye alikuwa akinitazama. Nadhani aliona, maana tangu siku hiyo hajanitania tena.

Ofisi sikuifunga. Nikifunga, wataulizana sababu. Wanakuja bado, wananitajia Severini, nami ninaandika.

Hapa hawezi kukaa. Kwenye njia ya Bigwa na sokoni atakutana na watoto wake, na yule mdogo amefanana naye mpaka mtu anaogopa. Kwa hiyo nimemkatia tikiti ya gari moshi, na aliyekaa mbele yako sasa akinyoosha mguu ndiye huyo. Mpe kipande cha kulima karibu na maji. Atataka kupanda kabichi katika mchanga wenu, na zikikataa atakasirika kimyakimya kwa juma zima. Koti ni lake, shemeji asimwambie alivue hata kama kuna joto. Ukimwita Kasiani atachelewa kuitika. Si kiburi, bado hajalizoea.

Nisalimie shemeji Mwanaasha, watoto, na wazee wote wanaodhani nauza dawa, uwaambie wasinunue. Goti lako lipakwe mafuta ya nyonyo kila jioni. Mimi nitakuja kuwaoneni mkinialika, na kama hamtanialika nitaelewa.

La mwisho, kaka. Huyo ni mtani wako kama alivyo wangu. Mtanie, maana bila utani atadhani amefika kwa watu wasio na adabu. Mtanie mguu, mtanie mapishi, mtanie ukimya wake. Kifo tu usimtanie nacho.

Ni mimi mdogo wako,
Stambuli